Nimeona

Kila Ijumaa saa tisa, kabla Posta haijafurika,
nauambia mfumo: nitajie.
Nao hunitajia, bila kumeza mate, bila kumstahi mtu,
nani kaingia, saa ngapi, kafungua jalada lipi.
Nachapa kurasa sita, nabana pini,
nampelekea Mkurugenzi ghorofa ya nne.
Ngazi sabini na mbili. Lifti inangoja kipuri tangu masika.

Mbonea wa upimaji: ameingia saa moja na nusu asubuhi,
ametoka saa tisa na nusu. Mahudhurio asilimia mia, kijani kibichi.
Mimi naketi meza ya tatu kutoka kwake.
Namwona akikigusa kipanya kila baada ya kitambo,
kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala kuona kama anapumua,
kisha anarudi kwenye simu, kwenye bei ya vifaranga.

Bi Somoe Chitanda: sifuri.
Sifuri Jumatatu, sifuri Jumanne, safu nzima imewiva.
Lakini foleni ya dirisha la pili ni yake.
Mtu wa Tabata akitaja namba ya kiwanja, yeye hufumba macho:
"Hicho kina kesi. Folio ya kumi na nne. Ndugu wawili,
na mama yao aliweka dole gumba."
Nenosiri lake limo katika bahasha niliyompa mwaka juzi.
Gundi haijabanduka. Huitegea kikombe cha chai.

Tusidanganyane, karatasi nayo ilipeleleza.
Doa la sambusa folio ya tisa lilikuwa la marehemu Ngwale.
Jalada lililorudi linanuka udi lilikuwa limelala kwa mtu,
na tulijua kwa nani,
tukalipangusa, tukalirudisha rafuni.
Mwaka maji yalipoingia ghala la chini
yalichukua majalada na aibu zake.
Mfumo haulowi.

Sasa hili.
Tusajigwe Mwaipaja, zamu ya jioni:
jalada moja, mara kumi na tisa, wiki tano.
Jalada la mtumishi. Limefungwa. Sababu: kifo.
Hakunakili. Hakugusa hata nukta.
Amefungua folio ya kwanza, amekaa dakika nne, ametoka.
Mfumo una jina moja tu la jambo hilo: ufikiaji usioidhinishwa.

Nikalifungua mwenyewe, kuhakiki.
Barua ya kuomba kazi, mwaka sabini na nane, kwa mkono,
herufi zimeinamia kulia kama zinawahi kitu:
*Mimi ni kijana mwenye nguvu na adabu, najua kuchora ramani.*
A. Mwaipaja.
Nikahakiki tena Jumanne. Na Alhamisi.

Nilitaka kuufuta ule mstari.
Haufutiki, na anayejaribu kufuta naye huandikwa.
Ijumaa iliyofuata, chini ya jina lake, langu:
Mshamu, R., mkuu wa masijala. Jalada lile lile. Mara saba.

Nikapanda ngazi.
Mkurugenzi akapekua kurasa kwa kidole chenye mate,
akafika ya sita, akachukua kalamu ya wino,
akaandika neno waandikalo wakubwa wote:
*Nimeona.*
Ameona nini, sijui. Chai yake ilikuwa inapoa.

Nikashuka. Mbonea keshaondoka, mashine yake bado iko kazini.
Bi Somoe anafunga dirisha, anauliza kama umeme utakatika leo.
Nikaketi, nikaingiza nenosiri,
folio ya kwanza, chapa, nakala moja.
Kisanduku kikajitokeza, kinadai kujazwa kabla ya lolote:
*Sababu ya kuchapa?*

Nikasikia hatua za zamu ya jioni kwenye ngazi.

Nikaandika: mirathi.